Kamera Yenye Adabu

Jumamosi, 14 Juni

Nimechuma chai kuanzia saa moja hadi saa nne. Ukungu, kisha manyunyu, kisha mvua yenyewe. Mgongo unalalamika. Pale kituo cha kununulia majani Chelangat alipima majani yangu kama anavyopima ya mtu mwingine yeyote, akaandika kwenye kitabu, akaita anayefuata. Mke wangu, ndoa ya miaka ishirini na sita. Kazini hana mume.

Mchana nikarudi kwenye dawa ya kahawa ya kuoshea filamu. Nilikata kipande kifupi cha filamu ndani ya mfuko mweusi niliojishonea kutoka kwa makoti mawili ya mvua. Picha mbili za ng'ombe, moja ya mlango wa maabara ya shule ninayoitunza. Kahawa ya unga, vitamini C ya unga kutoka duka la vifaa vya maabara Kericho, magadi ya jikoni. Dakika kumi na tano kwenye tangi dogo, nikitingisha kila dakika. Suuza. Kisha haipo (hypo), dawa ya kushikisha picha, ile chumvi tunayowapa watoto wa Form Four kwa practical. Yangu nimenunua mwenyewe, isije ikasemwa ni ya shule.

Imetoka hafifu. Ng'ombe anaonekana kama moshi. Mlango hauonekani kabisa.

Nyumba inanuka. Dawa hii ikikaa inanuka nyasi zilizooza. Chelangat amefungua madirisha yote, na baridi hii ya Boito.

Nimechoka. Niandike wazi maana hapa hakuna anayesoma. Juu ya kabati, ndani ya kopo la kakao, kuna roli moja ya filamu yenye picha za Gogo, mama yake Chelangat. Kumi na mbili. Ni hizo tu zilizobaki duniani. Chelangat anaamini ziko ishirini na nne.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimesinzia. Mhubiri aliniona.

Baada ya ibada Chelangat ameenda Merigi kwa mama yake. Gogo amekataa chakula tangu Ijumaa. Maziwa tu, kijiko kwa kijiko. Hospitalini walisema ni moyo na ni miaka, wakamrudisha nyumbani.

Wote tunamwita Gogo kama watoto wanavyomwita nyanya yao, hata mimi mkwe. Ila mimi sijawahi kumwita akiwa ananisikia. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala yeye hamtazami. Tukikutana njiani mmoja anaachia njia. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Chelangat, hata kama nimekaa hapo hapo na masikio yangu mawili. Vijana wa leo wanapiga selfie na mama wakwe zao wakicheka. Sikulelewa hivyo. Miaka ishirini na sita namjua Gogo kwa viatu vyake, sauti yake na sweta ya kijani.

Picha aliyo nayo ni ile ya kitambulisho tu. Anafanana na mtu aliyekamatwa. Simu alizikataa. Alisema picha ya simu inatembea kuliko mwenye uso.

Februari alikubali kamera yangu. Ile ya zamani ya boksi, yenye macho mawili, niliyoachiwa na mwalimu wa fizikia alipostaafu. Unaishika tumboni na kuinamia kioo kilicho juu. Huelekezi jicho kwa mtu. Gogo aliitazama kwa muda mrefu, akamwambia Chelangat kwa Kipsigis kwamba hiyo kamera ina adabu, inamfanya mwanamume ainame. Akatoka na stuli yake mwenyewe akaketi nje.

Nilipiga roli mbili. Katika ya kwanza Chelangat alisimama kando yangu, akasema mama yake anatazama mlango tu. Ya pili Chelangat alikuwa jikoni. Kwenye kioo nilitafuta kifungo cha juu cha sweta, nikaweka fokasi hapo, kisha nikatazama viatu vyangu na kubonyeza. Mara kumi na mbili. Kwa hiyo hakuna ajuaye ya pili ina nini, isipokuwa Gogo.

Jumanne, 17 Juni

Mitihani ya mock inaanza wiki ijayo. Nimeosha burette arobaini, ile mirija ya kupimia. Vidole vimekunjamana. Watoto huona miyeyusho imepangwa mezani na kudhani imeota.

Mwalimu Odhiambo wa kemia akaja kuniuliza kama kahawa imekubali. Yeye ni mtu wa ziwani na hanywi chai yetu bila kuitania. Ndiye pekee anayejua aibu yangu.

Aibu yenyewe hii. Machi nilikuwa nimesoma kwamba filamu inaweza kuoshwa kwa kahawa. Odhiambo akacheka, akasema, "Sasa wewe na hii chai yote utaenda kununua kahawa?" Ikanichoma. Nikamwambia chochote kahawa inaweza, chai ya Boito inaweza mara mbili. Ningejaribu kwa kipande kwanza. Sikujaribu. Nilichemsha majani ya shamba letu mpaka maji yakawa meusi, nikatia na vingine vyote, nikaweka roli ya kwanza ya Gogo. Nilimimina kwa maringo, kana kwamba kuna wageni.

Filamu ilitoka nyeupe kama plastiki ya mkate. Mahali pa kila picha kuna kivuli kidogo tu cha kijivu, pale kilipokuwa kitambaa cheupe cha kichwani. Kumi na mbili za kitambaa. Gogo hayupo.

Chelangat alipouliza nilisema nangojea dawa kutoka Nairobi. Nikasema hivyo Aprili. Nikasema tena Mei.

Mjinga ni mimi. Chai haina kosa.

Jumatano, 18 Juni

Nimelijua tatizo la magadi, linalofanya picha iwe hafifu, nikiwa nafuta ubao wa maabara. Form Three walikuwa wamefundishwa kuhusu kupasha moto chumvi mpaka gesi itoke. Nimeandaa somo hilo miaka kumi na tisa. Magadi ya jikoni ni nusu soda inayotakiwa na nusu ile ya kuumulia keki. Ukiyakaanga vizuri, gesi na maji hutoka, hubaki soda kamili.

Miaka kumi na tisa. Natayarisha maarifa ya watu wengine na yangu naacha kwenye sinki.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekaanga magadi kwenye sufuria kavu, nikikoroga na mwiko kama mtu anayekaanga njugu. Yalichemka yenyewe bila maji, yakatulia, yakawa unga mweupe mwepesi. Niliyapima kabla na baada. Yamepungua karibu theluthi. Ndiyo ishara.

Sufuria ilikuwa ya ugali. Chelangat ameigonga na kucha, akaniuliza kama nina mpango wa kumuua kabla ya mama yake. Alitaka iwe mzaha. Haikuwa.

Gogo amekunywa uji nusu kikombe leo. Chelangat aliniambia hivyo mara tatu.

Jumamosi, 21 Juni

Kahawa iliisha, nikaenda dukani sokoni. Kopo lilikuwa na vumbi la miezi. Mwenye duka aliniuliza kama niko mgonjwa.

Kipande kipya, magadi yaliyokaangwa. Digrii ishirini. Maji ya bomba yalikuwa kumi na sita, nikayapandisha kwa maji ya thamosi. Dakika kumi na tano.

Imekubali. Ng'ombe ana mbavu. Mlango una kufuli, na kufuli ina tundu la funguo. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikakishika kipande dhidi ya dirisha mpaka mkono ukachoka.

Sio nzito. Kwa skani, yaani kuiingiza kwenye kompyuta, haitakiwi nzito. Filamu nzito inaziba mwanga, na weupe wote unakuwa chokaa isiyo na alama. Nataka iwe kama chai ya mgonjwa, unaona chini ya kikombe.

Lakini uchafu! Niliianika jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto. Masizi yameganda juu yake. Kwenye skani ng'ombe ana ndui. Na maji yameacha madoa ya mviringo. Kwa hiyo: maji ya mwisho yawe ya mvua, yachemshwe, yapitishwe kwenye karatasi ya kuchujia, tone moja la sabuni ya vyombo. Kuanika bafuni, baada ya mvuke wa maji moto kushusha vumbi. Mlango ufungwe saa mbili nzima, asipite mtu.

Jumatatu, 23 Juni

Chelangat ameuliza tena. Safari hii hakuuliza nikiwa nakula. Aliketi. Alisema mama yake anauliza zile picha, anataka kuona kama yule mwanamume aliyeinama alipata kitu. Ni mara ya kwanza Gogo kuniulizia jambo.

Nikasema dawa imefika, wiki hii nitaosha zote mbili.

Zote mbili. Nilisikia neno likitoka na sikulirudisha. Naona haya hata kuandika. Hofu yangu sasa ni kwamba nitaharibu na hii moja, kwa hiyo kila siku najaribu kipande kingine na kuiacha kwenye kopo. Nasema ni uangalifu. Ni woga.

Jumanne, 24 Juni

Mvua ya mawe. Chai ya chini yote imetobolewa. Siandiki kingine, sina nguvu.

Jumatano, 25 Juni

Gogo amefariki leo saa tano asubuhi. Chelangat alikuwa amemshika. Mimi nilikuwa naosha burette.

Alhamisi, 26 Juni

Tumekuwa Merigi tangu asubuhi. Watu wengi, viti vya kanisa, masufuria ya chai. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Weldon, kaka mkubwa wa Chelangat, aliongoza kikao. Jeneza, hema, wahubiri, nani atachinja. Kisha akafika kwenye picha ya kuweka mezani na kwenye programu. Mchapishaji anaitaka Jumatatu. Mtu akatoa kitambulisho. Kikapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyekipenda.

Weldon akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye uko na mama."

Chelangat alijibu kabla yangu. Macho yamevimba lakini kichwa kimeinuka. Akawaambia ziko ishirini na nne, familia itachagua. Akina mama wakapiga makofi kidogo. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa ya maziwa na sukari nyingi na nikaisikia chungu.

Nilimwambia Chelangat tulipofika nyumbani, kabla hajavua gumbuti. Nikasema yote kwa pamoja. Chai, Machi, dawa ya Nairobi ambayo haikuwepo. Nikasema imebaki moja na sijui ina nini.

Nilitegemea apige kelele. Angepiga kelele ningejua pa kusimama. Alishika ukuta, akatoa gumbuti moja, akakaa nayo mkononi.

"Machi mama alikuwa anatembea mpaka mtoni," akasema. "Ungeniambia Machi tungerudi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miezi yote hii nilijua nimeharibu filamu na nimesema uongo. Sikujua nimemnyima Gogo kuketi tena kwenye stuli yake. Alikuwa mzima. Jumapili yoyote ingetosha.

Ijumaa, 27 Juni

Hajanisemesha. Amekama, amepika, ameniwekea chakula na kukifunika. Hata sahani haikugongwa mezani. Ningependa igongwe.

Jioni mapema, jua likiwa bado kwenye mikaratusi, akanyoosha mkono. "Lete hiyo ya kwanza."

Nilikuwa nimeificha ndani ya bahasha ya mitihani. Aliishika kwenye dirisha, akaisogeza polepole, kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Mimi huona vivuli tu. Yeye alisimama kwenye cha saba. Akasema hapo mama alikuwa amegeuza kichwa kuita kuku.

Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akaiweka kwenye Biblia yake.

Jumamosi, 28 Juni

Hatukuchuma. Mtu mwingine alishika zamu ya Chelangat kituoni. Nilikuwa napanga chupa mezani alipoingia amefunga leso kiunoni, amenawa mikono mpaka viwiko.

Nikaanza kusema pole.

"Usiniambie pole. Niambie tunaanza saa ngapi."

Saa sita na nusu mchana. Nilifunga milango ili kuku wasiingie. Nikaingiza mikono kwenye mfuko mweusi pamoja na tangi, mkasi na roli. Filamu hii ina karatasi mgongoni. Unaibandua gizani kwa vidole, unaitafuta ncha, unaisukuma kwenye njia za kigurudumu cha plastiki, halafu unazungusha nusu huku nusu huku. Nimefanya hivyo mara nyingi. Leo jasho lilinitoka na filamu ikakwama. Ikipata jasho inanata, ukilazimisha inapindika, na ikipindika picha zinagusana na dawa haipiti. Nikaacha. Nikakaa na mikono ndani ya makoti kama mtu aliyetiwa pingu. Chelangat hakuniharakisha. Alinifuta paji la uso kwa ncha ya leso. Nafikiri alifanya hivyo kwa ajili ya filamu.

Ikaingia. Nikafunika tangi.

Kahawa, magadi, vitamini. Thamosi. Digrii ishirini. Aliomba ashike tangi yeye. Nikamwonyesha: pindua taratibu, rudisha, gonga mezani mara moja ili mapovu yaachie. Sekunde kumi kila dakika. Saa ya kituoni ilikuwa mkononi mwake na aliihesabu kwa sauti, kama anavyoita uzito wa majani. Hajawahi kuibia mkulima hata gramu. Dakika ya saba machozi yalikuwa yanashuka na hesabu haikukosea. Mimi nilisimama na chupa ya haipo nikijiona wa ziada.

Dakika kumi na tano. Tukamwaga. Maji mara tatu. Haipo dakika kumi, nikaongeza mbili. Maji tena.

Nikafungua tangi, nikaivuta filamu nje hatua moja, nikageuza uso. Mazoea. Yeye ndiye aliyetazama.

"Kuna mtu," akasema.

Alikuwepo. Kumi na mbili, mmoja baada ya mwingine, weusi ukiwa mweupe na weupe ukiwa mweusi, sweta ikiwa na mikunjo yake. Kwa macho tu huwezi kusema anatazama wapi. Nilitaka kushangilia. Nilikuwa nimechoka sana hivi kwamba niliketi sakafuni, kwenye maji.

Tukaiosha kwa maji ya mvua yaliyochujwa. Tukaianika bafuni, kibanio cha nguo chini ili isijikunje. Chelangat akaketi nje ya mlango juu ya mtungi wa maji, mikono imekunjwa, saa mbili kamili. Paka alijaribu kupita, akafukuzwa kwa jina la Yesu.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipokuwa.

Stendi ya maabara niliiazima Ijumaa na kuweka sahihi kwenye kitabu. Kwenye kibanio chake nikafunga kamera ndogo ya dijitali ya Odhiambo, imetazama chini. Chini yake tableti ya zamani ya Chepkoech binti yetu, skrini nyeupe tupu. Juu ya skrini kipande cha plastiki ya rangi ya maziwa, ili vidoti vya skrini visiingie kwenye picha. Juu yake filamu, imelazwa bapa chini ya kioo cha fremu kilichofutwa mara sita. Niliweka kioo kidogo cha kujitazamia ili nione kama kamera imenyooka. Lenzi ikijiona katikati, imenyooka. Nikafunika dirisha kwa blanketi. Sikutaka mwanga mwingine.

Nikapiga moja moja bila kugusa, kwa kutumia saa ya kamera yenyewe. Kisha kwenye kompyuta, geuza weusi kuwa weupe. Chelangat alivuta kiti akaketi nyuma yangu.

Moja: mlango. Gogo kwa upande, kidevu juu. Mbili: mlango. Tatu, nne, tano: mlango. Nzuri zote, sikatai. Sikio lake lina tundu pana la zamani na kila mkunjo wa shingo upo. Lakini ni mtu anayengojea mgeni. Sita, ng'ombe amepita mbele. Saba, nane: mlango. Nilihisi Chelangat akipumua polepole nyuma yangu na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Weldon. Tisa: mlango. Kumi: amefumba macho.

Kumi na moja.

Ananitazama.

Si kamera. Lenzi ilikuwa tumboni mwangu na macho yake yako juu kidogo, yamenilenga mimi, uso wangu. Mimi nikiwa nimetazama viatu. Macho madogo, makali, yenye kicheko kwenye pembe. Mdomo umejibana kwa mtu anayejizuia. Alijua siangalii. Alichukua nafasi yake akamkagua vizuri mwanamume aliyemchukua binti yake, na kwa jinsi alivyotabasamu sidhani nilifeli sana.

Kumi na mbili: mlango. Kana kwamba hakuna lililotokea.

Chelangat alicheka. Alicheka mpaka ikawa kitu kingine na akaniwekea kichwa begani. Akasema huyo ndiye mama, huyo hasa, ambaye watu wa nje hawakumwona.

Mimi nilitazama kibodi. Baadaye nikagundua nimefanya hivyo.

Nimesafisha vumbi kwenye skani kwa saa tatu, nikitafuta doa kwa doa. Kulikuwa na manne tu. Mikunjo sikugusa, na usoni nilimwachia Chelangat.

Jumatatu, 30 Juni

Weldon amepewa. Alinipigia simu, akashukuru. Kisha akauliza kwa nini mama anacheka. Nikasema sijui, sikuwa naangalia. Ndio ukweli.

Mock ya kemia imeisha. Mtoto mmoja alivunja pipeti akalia. Nikamwambia kuna mambo mabaya zaidi.

Jumapili, 6 Julai

Gogo alizikwa jana. Mvua ilingoja mpaka tukamaliza, jambo ambalo mwezi huu haliwezekani, lakini ilingoja.

Picha ilikuwa kwenye meza mbele ya jeneza, kubwa, fremu ya kahawia. Watu walipanga mstari. Wazee walioishi naye miaka mingi walisimama mbele yake wakatikisa vichwa wakitabasamu. Bibi mmoja aliisemesha kwa Kipsigis, akaikosoa kwa jambo fulani la zamani.

Zamu yangu ilipofika niliinamisha macho na kupita pembeni, nikiachia njia. Sikupanga. Miguu yenyewe. Chelangat aliniona kutoka kwenye viti vya familia, akaziba mdomo kwa leso, na mabega yakatikisika. Walioketi karibu walimpapasa mgongo, wakadhani analia.

Hajasema amenisamehe. Sijauliza. Filamu ya kwanza bado iko kwenye Biblia yake.

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudisha stendi. Nimefuta sahihi kwenye kitabu.

Chelangat ametundika nakala sebuleni. Ukuta wote ulikuwepo, akachagua mahali panapotazamana na kiti changu. Nikasogeza kiti. Niliporudi kutoka kukama, kiti kilikuwa kimerudi pale pale.

Jumamosi, 12 Julai

Ukungu. Magoti yamekataa ngazi za shamba, lakini chai ya chini imeanza kutoa macho mapya pale mawe yalipotoboa.

Chelangat alitoka mapema kwenda kituoni. Aliniachia kikombe mezani, kimefunikwa. Nimekula wiki nzima nikitazama sahani. Leo nyumba ilikuwa tupu na hakuna wa kumuaibisha. Nikaketi kwenye kiti, nikafunua kikombe, nikainua uso.

Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sikujua.

Nilimtazama mpaka chai ikapoa.